Umri wa Namba

Dereva wa lori anayetoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia au Kongo hukutana na namba mapema. Pale Vigwaza gari hupanda mizani, ekseli kwa ekseli, na kabla hajaingia mjini Morogoro mizani ya Mikese inamngoja. Katikati ya hizo mbili, ukishaiacha nyuma njia panda ya Chalinze, ndipo ilipo Ubena Zomozi. Watu wa barabara hii hawahitaji kufundishwa kwamba namba ina nguvu. Wameiona ikimzuia mtu, ikimtoza, ikimwachia aende zake. Kabla ya malori kulikuwa na frasila: Bagamoyo ya karne ya 19, mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora, iliishi kwa kupima pembe za ndovu, frasila moja ikiwa karibu kilo 16. Baadaye mashamba ya mkonge yakaja na kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na jioni msimamizi akitia alama kwa aliyemaliza ngwe yake. Asiyemaliza, siku yake haikuhesabiwa, hata kama jua lilimchoma sawasawa na wenzake.

Natanguliza hayo kwa sababu fundi ninayetaka kumsifu hapa anafanya kazi iliyotokana na ukoo huo huo wa kuhesabu, na anaujua ubaya wake. Yumo katika karakana ya kuchonga vyuma ukanda huo wa Ubena. Kazi yake ni kuhuisha dashibodi: ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari, unaoonekana ukutani kwenye skrini kubwa na pia kwenye simu ya msimamizi, na kueleza kila mashine inafanya nini sasa hivi, zamu imetoa bushi ngapi na shafti ngapi, imesimama dakika ngapi, na kwa nini.

Karakana ya namna hiyo haikosi wateja. Malori yanayoharibika njiani ni sehemu tu. Mkonge bado unachakatwa katika korona, mashine zake za kuchakata, ambazo vipuri vyake havipatikani tena dukani. Pingo, Chalinze, kuna kiwanda kikubwa cha vigae. Makurunge, upande wa Bagamoyo, kiwanda cha sukari cha kundi la Bakhresa kilianza uzalishaji mwaka 2022, na kila anayejua miwa anajua kwamba ukishaikata, sukari huanza kupungua ndani yake, haikai ikingoja. Kinu cha aina hiyo kikisimama kwa sababu ya bushi moja iliyolika, mtu anayempigia simu mchongaji wa vyuma hataki kuambiwa "karibu tunamaliza". Anataka kujua bushi yake iko kwenye mashine gani na imebaki dakika ngapi. Jibu la kweli la swali hilo ndilo lililofanya karakana ikatafuta dashibodi.

Dashibodi ilikuwepo kabla ya fundi huyu kufika. Ilikuwa ya kupendeza: mishale iliyozunguka, rangi za upinde wa mvua, duara la kijani lililojaa taratibu kama zamu inakwenda vizuri. Tatizo lake ni kwamba waliokuwa wakikereza chuma chini yake hawakuitazama. Nilipomuuliza fundi alianzia wapi kuihuisha, nilidhani atataja lugha ya programu au aina ya hifadhidata. Alisema alianza na daftari na kalamu ya risasi.

Alishuka karakanani, akasimama karibu na leti, mashine ya kukerezea, ya zamani kuliko zote, na kuhesabu kwa vijiti, vinne vimesimama na cha tano kikivikata. Mkerezaji wa mashine ile ni mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Leo umekuja kunihesabu mimi au mashine?"

"Naihesabu mashine, mzee. Wewe nakuomba unisaidie kuikamata pale inaposema uongo."

Mzee akamsogezea ndoo iliyopinduliwa akalie. Mwisho wa zamu vijiti vilikuwa pungufu ya namba iliyokuwa ukutani, na si kwa kipande kimoja au viwili.

Hapa ndipo ninapotaka kukawia, kwa sababu ufundi wenyewe umekaa hapa, mahali ambapo mgeni anayeingia karakanani hapatazami. Kihisi kilichofungwa pale kilihesabu kila mara kipande kilipopita mbele ya jicho lake. Lakini kipande kilichotoka kwenye taya za mashine hakikupita kimoja kwa moja. Kilitikisika, kikagonga ukingo wa kisanduku, kikarudi nyuma kidogo. Jicho likaona viwili, wakati mwingine vitatu. Dawa yake inajulikana na kila fundi wa umeme: ukishapokea ishara moja, ziba masikio kwa muda kabla ya kukubali nyingine. Ila muda gani? Ukiziba kidogo mno, mtikisiko unahesabiwa. Ukiziba mno, siku mashine itakapochonga vipande vidogo na vya haraka, nusu yake itapotea. Alitazama daftari lake: bushi ya haraka kuliko zote ilichukua sekunde 70. Akaweka sekunde 20, na kando ya mstari huo wa msimbo akaandika kwa Kiswahili kwa nini ni 20, ili atakayekuja baada yake asidhani ilibahatishwa.

Mashine za kisasa zinazoongozwa na kompyuta hazina shida hiyo, zinasema zenyewe. Tangu mwaka 2008 kumekuwa na kanuni ya wazi iitwayo MTConnect, inayoziwezesha mashine za watengenezaji tofauti kueleza hali zao kwa msamiati mmoja, na kabla yake, mwaka 1979, kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa Modbus, lugha fupi na kavu ambayo mitambo ya viwandani inaizungumza hadi leo. Karakana ya Ubena ina mashine mbili za aina hiyo. Nyingine ni za chuma kizito zilizotengenezwa wakati ambapo hakuna aliyefikiri leti itahitaji kuongea. Fundi akazifunga kila moja bangili ya kupimia umeme kwenye waya wake, bila kukata waya na bila kuifungua mashine. Mota ya leti ile ni ya kilowati 4. Ikizimwa haivuti kitu. Ikizunguka bila kukata huvuta ampea 3 hivi. Kisu kikigusa chuma zinapanda: 5, 6, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo waya mmoja unatosha kukuambia hali tatu: imelala, inazunguka bure, inakata.

Mzee ndiye aliyeona kasoro. Alisema kwamba mapito ya mwisho, pale mkerezaji anapoondoa sehemu ndogo kabisa ya milimita ili bushi ikae sawasawa kwenye shafti yake, hayatumii nguvu. Mota haiyahisi. Yaani ile sehemu ya kazi inayodai mkono wa mtu aliyekomaa, ambayo mwanafunzi haachiwi, dashibodi iliiandika kuwa ni kuzunguka bure. Kwa miezi mingi mkerezaji hodari kuliko wote alionekana ukutani kama mtu anayepoteza muda zaidi ya wote.

Fundi hakujitetea wala hakulaumu bangili. Alikwenda kukaa tena kwenye ndoo, safari hii akisikiliza. Kisu kinapolamba chuma kwa wembamba ule hutoa sauti yake, ndogo lakini imara, na mtikiso wake unasafiri mpaka kwenye kishikio cha kisu. Akafunga pale kihisi cha mtikiso chenye ukubwa wa ukucha. Ilibidi arekodi zamu nzima ya mapito ya mwisho, mzee akimpa ishara kwa mkono kila yanapoanza na kila yanapokoma, ndipo programu ijifunze kuyatofautisha na mngurumo wa kawaida. Kazi ile yote, ukiitazama kwenye skrini, imeleta badiliko dogo: kipande cha mstari kilichokuwa kijivu kimekuwa cheusi. Sijui mahali pengine ambapo heshima kwa mkono wa mtu imeandikwa kwa alama ndogo namna hiyo.

Kutoka kwenye vihisi namba husafiri, na safarini ndipo zinapozeeka. Hili ndilo jambo ambalo fundi huyu analizungumzia kwa hisia kuliko yote. Namba iliyo ukutani, anasema, haina budi kuwa na umri unaojulikana. Namba ya sekunde mbili zilizopita na namba ya dakika arobaini zilizopita zikiandikwa kwa herufi zilezile, kwa rangi ileile, ya pili itamdanganya mtu kwa sura ya ile ya kwanza.

Historia ina mfano mzito wa ubao uliosomwa kana kwamba unasema hali ya sasa, kumbe haukuijua. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, Marekani, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka kisha ikakwama wazi. Kwenye ubao wa chumba cha waendeshaji kulikuwa na taa ya vali hiyo. Lakini taa ile ilikuwa imeunganishwa na amri, si na vali. Ilizimika kuonyesha tu kwamba umeme ulioishikilia vali wazi umekatwa. Haikujua kama imefunga kweli. Waendeshaji wakaisoma kama habari ya vali yenyewe. Maji ya kupoozea yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu kubwa ya kiini cha mtambo ikayeyuka. Walikuwa watu waliofunzwa, tena wenye bidii. Walichokosa ni ubao wa kuwatenganishia kile kilichoamriwa na kile kilichotendeka.

Ubena hakuna nyuklia, na leti ikisimama hakuna mji unaohamishwa. Hata hivyo kanuni hiyo, kwamba ubao usidai zaidi ya unachojua, fundi anaipeleka mpaka mwisho wake. Kila kisanduku cha kielektroniki kilichofungwa kwenye mashine kukusanya habari za vihisi vyake hutuma ishara fupi kila sekunde 10, hata kama hakuna kipya, kusema tu kwamba kipo. Sekunde 30 zikipita kimya, namba za mashine hiyo hufifia ukutani na chini yake yanatokea maneno: "Ilisikika mara ya mwisho saa 4:12." Hazifutwi, kwa sababu msimamizi bado anaweza kuzihitaji. Zinavuliwa tu mamlaka ya kusema "sasa".

Njia anayotumia kusafirisha ishara hizo inaitwa MQTT. Waliibuni Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper mwaka 1999, kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kwa setilaiti, ambako kila herufi iliyotumwa ilikuwa na gharama. Kwa hiyo ni ya kubana matumizi, na inaifaa karakana inayotegemea laini ya simu. Ndani yake wabunifu waliweka utaratibu walioupa jina la wosia: kifaa kinapojiunga huacha ujumbe kwa msambazaji, yaani programu inayopokea na kugawa ujumbe wa wote, kwamba nikikatika ghafla bila kuaga, watangazie wenzangu maneno haya. Fundi aliandika wosia wa kila kisanduku yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na hakuna unaofanana na mwenzake. Wa leti ya mzee unasema mashine huenda inaendelea kufanya kazi, ni kisanduku tu kilichonyamaza, msimhesabie kusimama.

Umeme ukikatika, na wote tunajua hukatika, kisanduku kina betri ndogo na kadi ya kumbukumbu. Kinaendelea kuandika, kisha mtandao ukirudi kinatuma vyote kwa mpangilio. Hapo kuna mtego mwingine. Kompyuta ndogo iliyomo ndani yake ni Raspberry Pi, iliyobuniwa Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 2012. Ni ya bei nafuu, na sehemu ya unafuu huo ni kwamba matoleo yake mengi hayana saa yenye betri. Ikizimika kabisa na kuwaka bila mtandao, haijui ni saa ngapi. Itaandika kwa uaminifu kila kipande kilichochongwa, lakini kwa saa ya uongo. Aliongeza kwenye kila kisanduku saa ndogo yenye betri ya duara kama ya saa ya mkononi. Gharama yake haizidi chakula cha mchana cha watu wachache, na bila hiyo kumbukumbu ya kila siku ya mgao wa umeme ingekuwa fujo.

Na tukiwa kwenye saa: dashibodi ya kwanza ilianza kuhesabu siku mpya saa 9 usiku. Hakuna aliyeelewa kwa nini. Zamu ya usiku huingia saa 5 na kutoka saa 1 asubuhi, na kila usiku, katikati ya kazi, namba zao zilirudi sifuri mbele ya macho yao. Sababu ilikuwa seva iliyofuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa masaa matatu. Usiku wa manane wa seva ulikuwa saa 9 usiku wa Ubena. Kurekebisha hilo peke yake ni kazi fupi. Kilichomchukua muda ni swali lililofuata: zamu inayoingia Jumapili saa 5 usiku, vipande vyake ni vya siku gani? Kompyuta ingeikata vipande viwili saa 6 usiku. Aliwauliza wenye zamu. Kwao halikuwa swali hata kidogo: ule ni usiku wa kuamkia Jumatatu, na kazi yote ni ya Jumatatu. Akaandika hivyo. Sasa hifadhidata inatunza kila tukio kwa saa ya dunia, na kila tukio lina tarehe ya pili pembeni, tarehe ya zamu, inayofuata hesabu ya watu waliokesha.

Kuhusu hesabu kubwa, ile wenye viwanda wanayoipenda, nitasema kwa ufupi. Mjapani Seiichi Nakajima aliipa umaarufu njia ya kuzidisha asilimia tatu: ya muda, ya kasi na ya ubora. Zamu ina dakika 480. Toa 30 za mapumziko zinabaki 450. Mashine ikisimama dakika 60, imefanya kazi 390, sawa na asilimia 86.7. Kama ingeweza kutoa kipande kimoja kwa dakika na imetoa 312, kasi ni asilimia 80. Kati ya hivyo 300 vikiwa safi, ubora ni asilimia 96.2. Zidisha zote, utapata asilimia 66.7. Kipimo ambacho wengi hukitaja kama cha kujivunia ni karibu 85, yaani 90 mara 95 mara 99. Hesabu ni nzuri, lakini namba moja ya mwisho haimwambii mtu la kufanya. Ndiyo maana fundi aliishusha pembeni kwa herufi ndogo, akaziinua zile tatu, na chini ya ile ya muda akaweka sababu za kusimama. Sababu hizo aliziandika kwa maneno ya karakana yenyewe: nasubiri chuma, nasubiri fundi umeme, nabadilisha kisu, umeme hakuna, napima. Ni vitufe vitano tu. Alisema mtu mwenye grisi mikononi hatachagua kati ya ishirini. Atabonyeza cha kwanza kila mara, na utapata takwimu za kidole chake.

"Napima" kilikuwa hakipo hapo awali. Kupima kipande kulihesabiwa kuwa uvivu wa mashine.

Rangi alizipunguza karibu zote. Wanaosanifu skrini za mitambo walikwishakubaliana jambo hili, na kanuni ya ISA-101 ya mwaka 2015 inaelekea huko: hali ya kawaida iwe tulivu, rangi kali zingoje jambo linalohitaji mkono wa mtu. Ukuta wa karakana sasa ni kijivu na nyeusi. Nyekundu ikitokea, vichwa vinageuka. Na kwa kuwa baadhi ya wanaume hawatofautishi nyekundu na kijani, kila nyekundu ina umbo lake pia, pembetatu, na neno. Skrini inatazama mlango wa mashariki, asubuhi jua linaingia moja kwa moja. Alijaribu ukubwa wa herufi kwa kurudi nyuma hadi mwisho wa karakana, saa 2 asubuhi, wakati mbaya kuliko wote. Tarakimu alizichagua za upana mmoja, moja ipate nafasi sawa na nane, ili namba inapobadilika isiyumbe. Jicho la mtu anayekereza linaona kila kinachotikisika pembeni, na kutikisika ukutani bila sababu ni kumwibia umakini wakati kisu kiko kazini.

Namba zenyewe hubadilika mahali zilipo, ukurasa haupakiwi upya. Zamani kivinjari kilipaswa kuuliza seva kila mara, "kuna jipya?", lakini tangu mwaka 2011 kuna kanuni ya WebSocket inayoacha njia wazi, seva ikaleta habari inapotokea. Ila njia iliyo wazi hukatika, na umeme unaporudi baada ya kukatika skrini zote huamka pamoja na kuigongea seva kwa sekunde moja. Ameipa kila skrini subira yake, isiyolingana na ya mwenzake. Ameichunguza pia kwa majuma ikiwa imewaka, kwa sababu ukurasa wa ukutani haufungwi kama wa simu. Tone dogo la kumbukumbu lisiporudishwa kila dakika, baada ya mwezi kumbukumbu yote imejaa, na skrini inaganda ikiwa na namba nzuri.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Kiwanda chochote kilichokuwa na dashibodi yake kwenye seva za ng'ambo peke yake kililazimika kuzunguka bahari kuuliza habari za mashine iliyo hatua tano mbele. Seva ya Ubena iko ndani ya karakana, kwenye kabati lenye feni, na nakala tu ndiyo hupelekwa mbali. Huo ni uamuzi wa kawaida kwa fundi anayejua yuko wapi.

Lakini sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, ni jinsi anavyobadilisha. Ukurasa unaotegemewa na zamu tatu si mahali pa kuonyesha werevu. Habadilishi vitu viwili kwa pamoja. Habadilishi katikati ya zamu, wala Ijumaa jioni. Jambo jipya hulionyesha kwanza kwenye ukurasa wa pili, wa zamani ukiendelea kando yake, na huuacha uendelee mpaka mwisho wa mwezi upite, kwa sababu mwisho wa mwezi huleta maswali ambayo katikati ya mwezi hayaulizwi. Zinapotofautiana, hachagui iliyo mpya. Anarudi kwenye daftari.

Na kuna ile mistari ya wima. Kwenye kila chati ya miezi, mahali alipobadilisha namna ya kuhesabu, ameweka mstari mwembamba wenye maneno machache: "Kuanzia hapa mapito ya mwisho yanahesabiwa kuwa kazi." "Kuanzia hapa siku inaanza na zamu ya usiku." Angeweza kuzipika upya namba za nyuma zifanane na za sasa, programu inaruhusu, na chati ingependeza. Alikataa. Namba za zamani zilisomwa na watu, wengine walilipwa bonasi kwa hizo, wengine walikaripiwa kwa hizo. Kuzigeuza kimyakimya ni kuwaambia kwamba walichokiona hakikuwepo. Ameziacha, na kando yake ameandika zilikosea nini. Mzee wa leti anaweza kumwonyesha yeyote mstari wa kwanza, na upande wake wa kushoto, na akaeleweka.

Mwenye karakana aliwahi kuomba majina ya watu yawekwe mbele ya namba ukutani. Fundi alimjibu kwa heshima kwamba bangili inapima mashine, mtu haipimi. Siku majina yakipanda ukutani, mashine zitaanza kuzunguka bure kwa ampea nzuri, na "nasubiri chuma" itabonyezwa na asiyesubiri. Walizungumza kwa muda. Majina hayakuwekwa.

Kwa sasa anahangaika na mashine ya kusaga kwa jiwe, ile inayolainisha shafti baada ya kukerezwa. Mota yake ya jiwe huvuta umeme karibu uleule, iwe inagusa chuma au haigusi, na mtikiso wake hauna tofauti ya kuaminika. Kijana anayeiendesha ndiye aliyemwambia kwamba hafungui maji ya kupoozea mpaka jiwe liwe karibu kugusa, na huyafunga mara anapolitoa. Fundi ameagiza kihisi cha mkondo wa maji, na daftari lina ukurasa mpya wa vijiti.